Jinsi ya Kuisoma Sanaa na Majengo ya Leo kwa Msaada wa Falsafa na Uhakiki

Mtu anayeingia katika jumba la sanaa ya leo kwa mara ya kwanza huwa na njia mbili za kujinusuru. Ya kwanza ni kuliendea bango dogo la maelezo lililobandikwa ukutani, kulisoma lote, kisha kuitupia kazi yenyewe jicho moja na kusogea mbele. Ya pili ni kutamka kwamba hata mtoto wake angeweza kufanya vile, na kutoka. Aliyesoma bango na aliyetoka kwa hasira wamekosea jambo lile lile, kwa kuwa wote wawili hawakuitazama kazi.

Mwongozo huu ni wa msomaji asiye mtaalamu ambaye angependa kutumia maandishi ya wanafalsafa na wahakiki bila kumezwa nayo. Kanuni yangu ni moja: nadharia inastahili nafasi pale tu inapokufanya uone, ndani ya kitu kile kile kilicho mbele yako, jambo ambalo usingeliona bila yake. Nadharia inayoweza kusemwa juu ya kazi yoyote, popote, hata na mtu ambaye hajaiona, iweke kando, hata kama mwenye nadharia hiyo ana jina kubwa.

Tazama kabla ya kusoma

Jipe dakika 20 mbele ya kazi moja. Chukua daftari na kalamu, kwa maana kamera ya simu humaliza kazi upesi mno na kukuondolea ulazima wa kutazama. Andika kitu kimetengenezwa kwa nini, kina ukubwa gani ukilinganisha na mwili wako, mwanga unakijia kutoka upande gani, na wewe umelazimika kufanya nini ili kukiona: kuinama, kuzunguka, kungoja zamu, kunyamaza. Usiandike bado kwamba ni kizuri, kinasikitisha au ni cha kimapinduzi. Sentensi kama "mbao zimepigiliwa misumari ambayo vichwa vyake havikufichwa" itakufaa baadaye kuliko "kazi hii inazungumzia maumivu", kwa kuwa ya kwanza inaweza kuhakikiwa na mtu mwingine aliyesimama hapo ulipo, na ya pili haiwezi.

Jengo linahitaji subira zaidi. Lizuru mara mbili, asubuhi na jua linapokuwa kali. Ingia kwa mlango wa wageni, kisha uulize wafanyakazi huingilia wapi. Gusa ukuta, sikiliza mwangwi, angalia watu wamekaa wapi mahali ambapo msanifu hakuweka viti. Picha za majarida ya usanifu aghalabu hupigwa jengo likiwa jipya na tupu, kwa hiyo hazionyeshi kutu, foleni, wala ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja.

Chukua swali, acha jibu lingoje

Makosa mengi ya wasomaji wa nadharia hutokana na kubeba jibu la mwanafalsafa na kulisahau swali lililomsumbua. Mfano ulio wazi kabisa ni wa mwaka 1964. Mwaka huo msanii wa Marekani Andy Warhol alionyesha katika Stable Gallery, New York, masanduku ya plaiwudi aliyoyapaka rangi na kuyachapa maandishi hadi yakafanana na makasha ya karatasi ngumu yaliyokuwa yakibeba Brillo, yaani vile visugulio vya sufuria vya nyuzi za chuma vyenye sabuni. Mwanafalsafa Arthur Danto aliyaona, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amechapisha makala iliyobadilisha mkondo wa falsafa ya sanaa katika lugha ya Kiingereza. Swali lake lilikuwa hili: ikiwa vitu viwili vinafanana kwa jicho, kimoja kikiwa sanaa na kingine kikiwa bidhaa ya ghalani, tofauti yao iko wapi? Alijibu kwamba haiko katika kitu ambacho jicho linaweza kukinasa. Iko katika hewa ya nadharia na ujuzi wa historia ya sanaa inayokizunguka kitu hicho, hewa aliyoiita ulimwengu wa sanaa.

Anayelibeba jibu peke yake huishia kusema kwamba sanaa ni chochote ambacho wakubwa wa makumbusho wameamua kukiita sanaa. Hilo liko karibu zaidi na mawazo ya mwanafalsafa George Dickie, aliyejenga baadaye nadharia ya sanaa kama jambo la kitaasisi, na Danto mwenyewe alilikataa. Anayelibeba swali, kwa upande mwingine, ana chombo anachoweza kwenda nacho popote. Mbele ya kazi yoyote ajiulize: ni nini hapa ambacho hakionekani kwa jicho, lakini kikiondolewa kazi hii itakufa? Mbele ya masanduku ya Warhol jibu litakuwa refu, na litahusu matangazo ya biashara, wachoraji wa dhahania waliotangulia, na maduka makubwa ya Marekani. Kuna hata mzaha wa historia ndani yake, kwa kuwa kasha halisi la Brillo lilibuniwa na James Harvey, ambaye alikuwa mchoraji wa sanaa ya dhahania aliyejipatia riziki kwa kubuni vifungashio. Kile kitu kilichodhaniwa "si sanaa" kilitoka mkononi mwa msanii.

Kabla hujamsoma Danto, hata hivyo, jisome wewe mwenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili ana nadharia ya sanaa hata kama hajawahi kufungua kitabu cha falsafa. Mtaani tunasema "anatufanyia usanii" kwa maana ya kwamba anatulaghai, na neno sanaa lenyewe lilitujia kutoka mzizi wa Kiarabu unaohusu ufundi na kutengeneza. Ukiyaweka mawili hayo pamoja unapata msimamo kamili: sanaa ni ustadi wa mkono unaoonekana, na ustadi usipoonekana pana shaka ya udanganyifu. Kwa hiyo anayekasirika mbele ya masanduku ya sabuni si mjinga, bali anatetea fikra fulani. Iandike fikra hiyo kwa sentensi moja kabla ya kusoma mtu mwingine yeyote, maana bila hivyo utakubali au kukataa nadharia za wengine bila kujua unazipimia nini.

Wavu uliofungwa

Kama ningeruhusiwa kumpa mwanafunzi mjadala mmoja tu, ningempa huu. Mwaka 1988 taasisi ya Center for African Art mjini New York, chini ya uongozi wa Susan Vogel, iliandaa onyesho lililoitwa ART/artifact. Vitu kutoka Afrika viliwekwa katika vyumba vya namna mbalimbali: kimoja kiliiga hifadhi ya zamani ya vitu vya ajabu, kingine kiliiga makumbusho ya historia ya asili, na kingine kilikuwa chumba cheupe kama vile majumba ya sanaa ya kisasa yanavyopenda. Ndani ya chumba hicho cheupe, chini ya taa, uliwekwa wavu wa kuwindia wa Wazande wa kaskazini mwa Kongo, ukiwa umekunjwa na kufungwa tayari kwa kubebwa. Mgeni aliyezoea sanaa ya New York angeweza kuudhania sanamu ya msanii wa mtaa wa pili.

Danto aliandika insha katika katalogi ya onyesho hilo. Alitunga hadithi ya makabila mawili ya kubuni, Watu wa Vyungu na Watu wa Vikapu, ambayo yote hufinyanga na kusuka, na vitu vyao mgeni hawezi kuvitofautisha. Kwa kabila la kwanza chungu kimebeba maana kuu ya ulimwengu na kikapu ni chombo tu. Kwa la pili mambo yamegeuka. Kutokana na hadithi hiyo Danto alihitimisha kwamba kufanana kwa sura hakuthibitishi lolote: wavu wa Wazande unaweza kufanana na sanaa, lakini ulitengenezwa kama chombo, na thamani yake huishia katika matumizi yake.

Miaka minane baadaye, mwaka 1996, mwanaanthropolojia Alfred Gell alijibu. Alisema kwamba Danto alikuwa ameuweka mstari mahali pabaya, kwa sababu mtego, na wavu ule ni mtego wa aina yake, si chombo kama vyombo vingine. Aliyeutega hayupo, lakini fikra yake ipo. Mtego unasimama badala ya mwindaji, na umbo lake limechukua tabia za mnyama anayewindwa: njia anazopita, anachokiogopa, anachokitamani. Ukiuchunguza mtego unaweza kumsoma mwindaji na mawindo yake kwa pamoja, pamoja na kisa cha msiba kinachongojea kutokea. Kwa nini basi papa wa msanii Mwingereza Damien Hirst, aliyewekwa ndani ya tangi la dawa ya kuzuia kuoza mwaka 1991, aitwe sanaa kwa sababu anafikirisha juu ya kifo, na mtego unaofikirisha juu ya jambo lile lile uitwe kifaa?

Mswahili hahitaji kusafiri mbali ili amwelewe Gell. Anayesema "mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo" amekwisha kuuchukua mtego kama wazo, na kuutumia kuwaza juu ya hatia na ajali. Jaribu zoezi hili kwa dema, ule mtego wa samaki unaosukwa na wavuvi wa pwani. Keti nao dakika zako 20. Tazama jinsi mdomo wake unavyoanza mpana na kujibana kuelekea ndani, ili samaki aone njia wakati wa kuingia na asiione wakati wa kutoka. Tazama ukubwa wa matundu, ambao ni uamuzi kuhusu samaki gani aachwe apite. Kila fundo ni sentensi kuhusu tabia ya kiumbe ambacho msukaji hakuwa akikiona alipokuwa akisuka. Kisha litazame dema lile lile likiwa limening'inizwa kwenye dari ya hoteli na balbu ndani yake. Limebaki na sura yote, lakini kitu kimeondoka. Je, kilichoondoka ndicho kilicholifanya lifikirishe, kama Gell angesema, au ndicho kilicholifanya liwe chombo tu, kama Danto angesema? Ukiweza kujibu kwa kuonyesha sehemu fulani ya dema kwa kidole, umekwisha kuitumia falsafa ipasavyo.

Kwa maoni yangu Gell alishinda, kwa kuwa nadharia yake iliwarudisha watu kwenye mafundo na kamba, ilhali ya Danto ingeweza kusimama hata kama wavu ule usingefunguliwa kamwe. Hata hivyo, katika mabishano yote mawili, sauti ya mfumaji haisikiki. Unaposoma uhakiki wa kazi kutoka Afrika, iandike kasoro hiyo pembeni kila unapoiona. Baada ya vitabu vitatu hutahitaji kuambiwa ina maana gani.

Majengo: kutoka neno hadi dirisha

Kwa usanifu majengo, wanafunzi wengi hupelekwa kwanza kwa mwanafalsafa wa Kijerumani Martin Heidegger, na hotuba yake ya mwaka 1951 kule Darmstadt. Ujerumani ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba baada ya vita, na ukumbini walikuwamo wasanifu wenye kazi ya kuzijenga. Yeye aliwauliza kama kujenga nyumba kunatosha kuwapa watu makazi, akachimbua historia ya neno la Kijerumani la kujenga ili kuonyesha kwamba zamani lilibeba pia maana ya kuishi mahali.

Sisi hatuhitaji kuchimba. Kukaa ni kuketi, na kukaa ni kuishi. Mkazi na makazi yametoka hapo hapo. Baraza ni lile benchi la mawe nje ya nyumba, na baraza ni mkutano wa watu wanaoshauriana, hadi kufikia Baraza la Mawaziri. Nenda na maneno hayo Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukayajaribu. Aliyeketi barazani hayumo ndani wala hayuko nje. Mwenye nyumba anaweza kumpokea, kumpa kahawa na kuzungumza naye nusu siku bila kumfungulia nyumba. Katika nyumba za kale za Lamu mpango huo unaendelea kwa ngazi, kutoka daka, yaani ukumbi mdogo penye mlango, hadi kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, hadi vyumba vya ndani zaidi vyenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na kila hatua inamchuja mgeni. Hapo swali la Heidegger limefanya kazi, kwa maana limekuonyesha jinsi kuta zilivyopanga adabu.

Lakini usiishie hapo. Asili ya neno haithibitishi lolote kuhusu ukuta, na mchezo wa Heidegger wa kuchimba maneno umelaumiwa sana, sawa na sifa zake kwa nyumba ya mkulima wa Msitu Mweusi. Mwandishi huyo alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1933, kwa hiyo anapozungumza kwa utamu juu ya ardhi na asili yafaa msomaji awe macho. Jiulize swali ambalo yeye hakuliuliza: barazani aliketi nani? Aghalabu wanaume. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana, na waungwana walimiliki watumwa. Usomaji unaoishia kwenye utulivu wa baraza umemsahau aliyechota maji.

Baada ya Heidegger ningemsoma mhakiki wa usanifu Kenneth Frampton, ambaye mwaka 1983 aliandika juu ya uhusiano wa kihakiki wa usanifu na mahali pake. Alianza na fumbo la mwanafalsafa Paul Ricoeur: taifa litawezaje kuwa la kisasa na papo hapo kurudi kwenye chemchemi zake? Wengi wanaomnukuu hukumbuka sehemu ya "mahali" na kuusahau uhakiki, kana kwamba aliwaambia wasanifu wabandike makuti juu ya hoteli. Yeye aliionya tabia hiyo. Alichotaka ni vitu vinavyopimika. Je, mteremko wa ardhi ulisawazishwa kwa tingatinga, au jengo lilipangwa kwa ngazi kuufuata? Je, dirisha linajibu hali ya hewa ya hapo, au ni kioo kilichofungwa kabisa na kiyoyozi kile kile kinachotumika katika kila jiji duniani? Je, jengo lina la kusema kwa mkono na unyayo, au kwa jicho peke yake? Simama mbele ya mnara wowote wa vioo mjini kwako saa nane mchana, ukiwa na maswali hayo, na hutahitaji msaada zaidi.

Yajaribu katika majengo mawili ya Kenya. La kwanza ni Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, KICC, jijini Nairobi, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwei akiwa pamoja na David Mutiso, na kufunguliwa mwaka 1973. Lina mnara wa mviringo wa ghorofa 28, na kando yake ukumbi wenye umbo la pia, ambao watu wengi huufananisha na nyumba ya msonge, na wengine na ua lililofumba. La pili ni kampasi ya Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, iliyokamilika mwaka 2021. Msanifu wake ni Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo. Kampasi hiyo ina minara mirefu inayofanana na vichuguu vya mchwa. Majengo yote mawili yamefananishwa na vitu vya kienyeji, lakini kufanana kwao si kwa aina moja. Minara ya Turkana hufanya kazi ya kichuguu: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, hewa iliyo baridi zaidi huingia kwa chini. Ukumbi wa Nairobi umechukua mchoro wa paa la msonge na kuuacha utendaji wake. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba jengo fulani lina roho ya Kiafrika, muulize roho hiyo inafanya kazi gani jua likiwa utosini.

Hapo Frampton angesimama, nami ningemwacha na kuendelea, kwa sababu KICC lina maisha ambayo kipimo cha hewa na mwanga hakiyafikii. Lilianza kama makao makuu ya chama cha KANU, likakuzwa ili lipokee mkutano wa mwaka 1973 wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nyumba ya chama iligeuka ukumbi wa kuupokea ulimwengu kabla hata haijamalizwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipokataza sarafu na noti kubeba sura ya mtu, picha ya jengo hili ndiyo iliyowekwa kwenye noti mpya za mwaka 2019. Na kwa kuwa sanamu ya Jomo Kenyatta imo katika uwanja wa jengo, ikaonekana ndani ya picha, na mabishano yakafika mahakamani. Hili ni suala la ishara na mamlaka, na linahitaji msomaji wa siasa kuliko mpimaji wa madirisha. Nadharia moja ikifika mwisho wa kamba yake, badilisha nadharia. Usilikate jengo ili litoshe.

Mhakiki naye ahojiwe

Uhakiki unaweza kuunda uelewa wa watu hata pale unapokosea. Mradi wa nyumba za Pruitt-Igoe mjini St. Louis, Marekani, majengo 33 ya ghorofa 11 yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki, ulianza kubomolewa mwaka 1972. Miaka mitano baadaye mhakiki Charles Jencks aliandika kwamba usanifu wa kisasa ulifia hapo tarehe 15 Julai 1972, saa 9:32 alasiri au karibu na hapo. Sentensi ilikuwa tamu, ikasambaa. Vizazi vya wanafunzi vilijifunza kwamba sura ya majengo ndiyo iliyowaharibu wakazi, na kwamba mradi ulikuwa umewahi kupewa tuzo ya usanifu.

Mwaka 1991 Katharine Bristol alionyesha kwamba hizo zilikuwa ngano. Tuzo hiyo haikuwapo. Ubomoaji ulianza kabla ya Julai. Bajeti ilikuwa imekatwa tangu mwanzo. Fedha za matengenezo zilitegemea kodi za wapangaji, na wapangaji walipopungua fedha zikapungua. Jiji lenyewe lilikuwa linapoteza wakazi, na sera za ubaguzi wa rangi ziliamua nani aishi wapi. Hata lifti, ambazo zilisimama katika baadhi ya ghorofa tu, zinaweza kusomwa kama wazo la msanifu au kama njia ya kubana matumizi. Jencks alihitaji kaburi la usasa ili atangaze alichoamini kinaufuata, na Pruitt-Igoe lilimfaa.

Kutokana na mfano huo, jenga mazoea. Unapokuta kauli kuu ya mhakiki, tafuta maneno matatu: nani alilipa, nani aliishi humo, na kauli hiyo inamsaidia mhakiki kusema nini baadaye.

Maneno mengine hayahitaji mhakiki mmoja. Yamekwisha kuenea hadi hayaonekani tena. "Halisi" ni mojawapo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya enameli juu ya hadibodi, na wageni walikuwa wanunuzi wake wakubwa. Alifariki mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakawa na ushirika uliosajiliwa. Kwa miaka mingi michoro hiyo iliwekwa fungu la sanaa ya watalii na kunyimwa uzito. Mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir alieleza mwaka 1992 kwamba uhalisi unaodaiwa katika sanaa ya Afrika hutegemea picha ya kubuni, ya Afrika kabla ya wakoloni, isiyo na biashara na isiyo na majina ya wasanii. Ukikubali hoja yake, swali linageuka. Badala ya kuuliza kama mchoro ni halisi, utauliza mchoraji huyu amefanya nini ndani ya mtindo ambao wenzake kumi wanaufanya pia: wapi ameachia nafasi, wapi mstari umetetemeka, chui wake anamtazama nani.

Kuandika usomaji wako

Mwishowe andika, japo ukurasa mmoja, kwa sababu kichwani kila nadharia huonekana inafaa. Anza na maelezo kutoka daftari lako, si na jina la mwanafalsafa. Mlete mwanafalsafa mmoja tu, kwa swali lake, na useme kwa maneno yako. Kama huwezi kulisema swali hilo bila istilahi zake, bado hujalielewa, na hakuna aibu kurudi kusoma. Onyesha mahali kitu kilipolikubali swali, kisha, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka, onyesha mahali kilipolikataa. Futa kila sentensi ambayo ingeweza kuhamishiwa kwenye kazi nyingine bila kubadilishwa neno. Katika rasimu yangu ya kwanza mimi hufuta karibu nusu.

Kama ni jengo, kabla ya kumaliza rudi mara ya tatu na umtafute mtu anayelipiga deki. Muulize maji ya mvua huingilia wapi, chumba kipi hakikauki, ni ngazi gani watu huzikwepa na dirisha gani lilikwisha kuzibwa kwa karatasi. Andika majibu yake kwa ukamilifu ule ule uliompa mwanafalsafa, na kama yanapingana, yaache yapingane kwenye ukurasa.